Namba Iliyo Chini ya Rangi

Mzee Venant Nkwabi alikuwa mtunza stoo wa chuo kimoja cha ufundi pale Igogo, na kama uliwahi kukalia benchi la chuo kile, basi ulikalia mwandiko wake. Kila kitu kilichoingia getini, kiwe nyundo, kiwe ndoo, kiwe ufagio, kilipita kwanza mikononi mwake kupigwa namba. Alikuwa na kopo la rangi nyeusi na kopo la rangi nyeupe, zote za mafuta, na brashi mbili alizozisafisha kwa mafuta ya taa na kuzifunga kwenye kitambaa kama vyombo vya padri. Kwanza alipaka kijisanduku cheusi, akangoja kikauke, akarudia mkono wa pili. Ndipo akaandika namba kwa rangi nyeupe juu yake. Saba yake ilikuwa na mkato katikati, na tisa yake ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto. Watu walimtania kwamba hata kuku wa mpishi wakimwona wanakimbia wasije wakapigwa namba.

Naye hakukasirika. Maisha yasiyo na namba aliyajua vizuri. Alikaa miaka kumi na tisa kwenye stoo ya kiwanda cha kuchambua pamba, na mageuzi yalipokuja na kiwanda kikauzwa, alisimama getini akaangalia mashine zinapakiwa kwenye malori, mchana kweupe, na hakuna aliyeweza kusema hii ni ya nani na ile ni ya nani. Yeye alitoka na baiskeli na barua ya kupunguzwa kazini. Kwa hiyo alipopata kazi chuoni aliapa kwamba mbele yake hakitapotea kitu kwa kukosa alama. Mwaka wa kwanza mkaguzi alipokuja, akakuta mpaka kifutio cha ubaoni kina namba, akamsifu mbele ya wafanyakazi wote. Jamani, sifa! Tangu siku hiyo mzee hakuacha kitu.

Kompyuta ilikuja mwaka tisini na sita, zawadi ya wafadhili, ndani ya maboksi matatu. Mzee Venant alikaa nayo stoo siku nzima kabla mtu mwingine hajaigusa. Akapiga namba kioo, akapiga namba kibodi, akapiga namba ile panya yake yenye mkia. Chini kabisa ya boksi akakuta kasha jembamba la plastiki lenye sidii ndani. Hapo alipata kazi, kwa sababu rangi ya mafuta haishiki kwenye plastiki, ikikauka inabanduka kama gamba la samaki. Akaligeuzageuza lile kasha. Nyuma yake palikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa, kimeandikwa vinamba vidogo vidogo vya Kizungu ambavyo havikumhusu. Karatasi inashika rangi. Akapaka hapo kijisanduku cheusi, mikono miwili, akaandika CH/KMP/014/B, akapuliza, akaridhika.

Mtu wa kuitumia kompyuta ile alikuwa binti yake mwenyewe, Winnie, katibu muhtasi wa chuo. Winnie alikuwa ameolewa huko Magu, mbele ya Kisesa, na mtoto wa Mzee Ndalahwa, na mumewe alipofariki alirudi kwa wazazi wake na mtoto mmoja wa kike, Kabula. Alijifunza ile mashine kwa wiki mbili tu, na ikawa akipiga chapa walimu wanasimama mlangoni kumwangalia vidole. Mzee Venant alikuwa akipita dirishani na leja yake kwapani, anajifanya ana haraka, kumbe anapita kusikiliza ile sauti ya vidole vya mwanawe.

Mwisho wa mwaka tisini na saba Winnie akaanza kukohoa. Mwezi wa pili, mwaka ule wa mvua za El Nino, akalazwa. Na hapa ndipo jambo lenyewe linapoanzia, kwa hiyo nisikilize.

Mzee Ndalahwa alikuja hospitali kumwona mkwewe, na kuku mkononi, na kofia yake ya pama. Hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Alikuwa mtu wa kanuni. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa wametoka zizini kwake kwa ajili ya Winnie, na kwa mila mtoto ni wake, hakuna wa kubisha. Tena mkewe alikuwa ameishiwa macho, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Mzee Ndalahwa alikuwa amekwisha kusema kwa ndugu kwamba Kabula, ambaye sasa alikuwa na miaka minane, atafaa kumshika bibi yake mkono.

Winnie alilijua hilo. Lakini mwanamke wa Kisukuma aliyefunzwa atamwambiaje baba mkwe usoni kwamba hapana? Aligeukia ukutani, akasema na baba yake ili baba mkwe asikie.

"Baba, mwambie baba mkwe kwamba maneno yangu kuhusu Kabula nimeyapiga chapa. Yamo kwenye kompyuta ya ofisini. Nilikuwa sijamaliza, ndiyo maana sikuyatoa kwenye karatasi."

Mzee Ndalahwa akavua kofia. "Nimesikia," alisema. "Karatasi hiyo isomwe mbele ya wazee. Nitakayoyasikia humo nitayafuata. Mimi sibishani na neno la mtu lililopigwa chapa."

Siku tatu baadaye Winnie akafariki. Walipotoka kumzika, wazee wa pande zote mbili wakakubaliana: karatasi itasomwa siku ya arobaini, hapo hapo nyumbani Igogo, na msiba ukifungwa neno limefungwa. Mzee Venant alikubali bila wasiwasi. Siku arobaini ni nyingi, na kompyuta ipo ofisini, ina namba yake, itakwenda wapi?

Wiki ile ile ya msiba umeme ulikatika chuoni, ukarudi kwa hasira. Kompyuta ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikazima.

Fundi kompyuta aliyejulikana mjini wakati ule alikuwa Faisal, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, aliyeanza na kutengeneza redio dukani kwa baba yake kabla hajasomea kompyuta miezi sita Dar. Alifungua bati, akamulika tochi, akaguna. "Mzee, mazabodi imekufa. Hii bodi kubwa ya ndani inayobeba kila kitu. Lakini diski, pale maneno yanapokaa, nzima. Tukipata bodi nyingine, maneno ya marehemu yapo."

Bodi ikaagizwa Dar. Mvua zikakata reli. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, ya nne. Mzee Venant, ambaye maisha yake yote watu ndio walimsubiri yeye dirishani na hati zao, sasa yeye ndiye aliyesimama kwenye dirisha la vifurushi pale stesheni, kila asubuhi, anaambiwa njoo kesho. Nyumbani mkewe Dorotea alimuuliza jioni kwa jioni, "Imefika?" naye akajibu, "Iko njiani." Kabula alikuwa akifanya hesabu zake sakafuni, anainua uso kidogo, anaendelea. Shule ilikuwa karibu, chini tu ya mawe ya kilima, na mwalimu wake alikwisha sema kwamba huyu asipopoteza mwelekeo atafika mbali.

Bodi ilifika Alhamisi. Arobaini ilikuwa Jumamosi.

Faisal alifanya kazi mchana ule wote, na Mzee Venant amesimama nyuma yake akishika skrubu kwenye kiganja. Saa kumi mashine ikawaka. Lo, yule mzee alivyofurahi! Akampiga fundi bega mpaka bisibisi ikaanguka. Kioo kikaleta picha ya mawingu na anga la bluu, kikakaa na mawingu yale. Wakangoja. Faisal akaizima, akaiwasha. Mawingu yakarudi, yakakaa vile vile, kama mgeni asiyetaka kuaga wala kuingia ndani.

"Tatizo Windows," alisema Faisal. "Ilizoea ile bodi ya zamani. Hii mpya haiifahamu. Inabidi niipige upya, juu ya ile ya zamani, bila kufuta kitu. Kesho asubuhi unipe ile sidii yake. Unayo?"

"Unaniuliza mimi kama ninayo?" Mzee Venant karibu acheke. "Kijana, hapa hakijawahi kupotea kitu."

Ijumaa saa mbili asubuhi akafungua kabati la chuma, akatoa kasha jembamba likiwa safi, limefungwa kwenye karatasi ya kaki. Akaliweka mezani mbele ya fundi kama mtu anayeweka mahari. Faisal akatia sidii, akagonga vitufe, mashine ikavuma. Yakaja maandishi, yakaenda, yakaja mengine. Kisha kikatokea kisanduku chenye nafasi tupu, na kimstari kinachopepesa.

"Sasa inataka namba yake," Faisal alisema, akachukua kasha. Akaangalia mbele. Akageuza nyuma. Akafungua ndani, akageuza tena. "Mzee, stika yenye namba iko wapi?"

"Namba hiyo hapo." Mzee Venant akaonyesha kwa kidole. "Si unaiona? CH, KMP, sifuri kumi na nne, B."

"Hiyo ni namba ya chuo. Naulizia namba ya kwao, ya walioitengeneza. Huwa ipo nyuma hapa, kwenye kikaratasi. Bila hiyo haisogei."

Mzee Venant alitazama ule mraba mweusi. Alikumbuka siku ile stoo, alikumbuka vile vinamba vidogo, alikumbuka hata alivyopuliza. Alivuta kiti CH/VT/031 akakaa, na tangu afike chuoni hakuna mtu aliyewahi kumwona amekaa wakati wa kazi.

"Iko chini," alisema mwisho. "Chini ya rangi yangu."

Faisal hakumcheka, Mungu ambariki. Alikwenda naye stoo wakatafuta kwenye leja, labda mzee aliziandika namba zile. Mzee Venant huandika kila kitu, si ndiyo? Walikuta mstari wake, wino wa bluu, mwandiko wa kupendeza: kasha moja jembamba, la plastiki, lina sahani moja inayong'aa, hali nzuri. Basi. Alikuwa ameandika mpaka mng'aro wa sahani, lakini zile namba hakuziandika.

Wakaleta pamba na mafuta ya taa. Mzee alishika kasha mwenyewe, akasugua kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemsafisha mtoto kidonda. Ile nyeupe ikatoka. Ile nyeusi ya juu ikalainika, ikatoka. Ikabaki ile ya mkono wa kwanza, iliyokwisha kunywewa na karatasi. Ikaonekana tatu. Ikaonekana saba isiyo na mkato. Halafu herufi, halafu sifuri mbili. Akasugua tena, na karatasi ikaanza kujikunja, ikachanika, wino wa namba ukaondoka pamoja na rangi ukabaki kwenye pamba. Aliikodolea pamba ile macho. Tarakimu zote za mwanawe zilikuwa humo, zimekuwa uchafu wa kijivu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wasemavyo. Lakini huyu alichimba ili watu wanywe maji, na hilo ndilo linalouma.

"Jaribu namba nyingine," alisema. "Ofisi nyingine hazina?"

Faisal alikuwa na daftari lake, na humo namba tatu alizonakili kwenye kazi zake za nyuma. Akajaribu ya kwanza, mashine ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikakataa. Zilikuwa za toleo jingine. Alijaribu kutoa maneno kwa disketi ili ayapeleke mashine nyingine, lakini mdomo wa disketi ulikuwa umeshiba vumbi la karakana miaka miwili, ukatafuna disketi yake mpya mbele ya macho yao. Alijaribu kuiamuru printa bila Windows, printa ikakaa kimya, kwa kuwa ilikuwa ya kisasa na ilisikia lugha moja tu. Akapiga simu ofisi mbili za mjini zilizokuwa na kompyuta, akauliza kama anaweza kuleta diski yenyewe waifungue kwao. Moja, mlinzi akasema imefungwa kwa ajili ya Ijumaa, itafunguliwa Jumatatu. Nyingine, katibu akasema bosi amekataza diski za watu, zinaleta virusi, na bosi yuko safarini mpaka Jumatatu.

"Jumatatu," Mzee Venant alirudia. "Mwombe, fundi. Mwambie ni mambo ya msiba."

Faisal akaomba. Akaomba tena kwa sauti ya chini zaidi. Halafu akarudisha simu mahali pake.

Kuna watu wakikwama hupiga meza, hutukana, hulia. Mzee Venant alichukua kitambaa akafuta mafuta ya taa mezani. Alipomaliza akafuta tena mahali pale pale. Mwanawe alikuwa ndani ya lile boksi la bati, hatua moja kutoka goti lake, na yeye ndiye aliyefunga mlango kwa mikono miwili ya rangi.

Ndipo Faisal akasema, "Mzee, kukutolea karatasi siwezi. Lakini kukuonyesha, naweza."

Akaizima mashine, akaiwasha kwa njia ya zamani, ile ya kioo cheusi na herufi nyeupe. Akatafuta, akapata faili linaloitwa KABULA. Akalifungua. Kioo kikajaa uchafu: vipembe, nyota, herufi za ajabu, mistari isiyosomeka. Fundi akashuka, akashuka, na katikati ya takataka zile yakatokea maneno ya Kiswahili.

Mzee Venant akavaa miwani yake.

*Baba mkwe, shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa mdomo wangu hauna njia ya kukuambia. Ng'ombe mlileta kumi na wawili, sikatai, na mtoto ni wenu. Naomba jambo moja tu. Kabula abaki Igogo kwa wazazi wangu mpaka amalize darasa la saba. Likizo zote aje kwenu alime, awajue nduguze. Najua macho ya mama mkwe yamekwisha na anahitaji mtu wa kumshika mkono. Nakuomba kwa magoti, mkono huo usiwe wa mwanangu. Mimi nimekula kwa sababu nilisoma.*

Hapo yakafuata tena yale mapembe na manyota, halafu mstari mmoja peke yake:

*Kabula mama, ukioga usisahau nyuma ya masikio. Sato amelala hapo.*

Halafu basi. Ndipo alipoishia.

"Huo wa mwisho nadhani mashine imechanganya," alisema Faisal. "Maneno ya faili jingine yameingia humu. Samaki sato masikioni ni kitu gani?"

Mzee Venant naye hakuelewa. Lakini mtunza stoo haachi kitu kwa sababu hakielewi. Alichukua karatasi nyeupe na kalamu, akanakili yote, neno kwa neno, nukta kwa nukta, na ule mstari wa sato pia. Alipomaliza akalinganisha na kioo mara mbili. Akaandika tarehe chini, 27/3/1998, Faisal akatia sahihi yake kama shahidi, na akaahidi kuja Jumamosi aseme alichokiona.

Alikuja kweli, ameketi mwisho wa benchi na kofia yake nyeupe. Wazee walijaa uani, wa Igogo na wa Magu. Ng'ombe alikuwa amekwisha chinjwa, wanawake wako jikoni, katekista amemaliza sala. Mzee Venant akasimama akaeleza: bodi, reli, mawingu, namba, rangi. Alieleza yote bila kujificha, na alipofika kwenye rangi kuna kijana mmoja wa Magu alicheka, akakanyagwa mguu na mwenzake. Halafu akasoma.

Alisoma vizuri. Dorotea, asiyejua kusoma, alikuwa ameegemea mlango na kufunga macho, anaitikia kwa kichwa kila neno kwa sababu alimsikia mwanawe humo. Kufika kwenye sato, minong'ono ikaanza. Sato? Masikioni? Huyu mzee vipi?

Mzee Ndalahwa akanyoosha mkono. "Nipe niione, mkwe wangu."

Akaishika karatasi mbali na macho, halafu karibu. Hakuwa msomaji mkubwa, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayejua ng'ombe wake mia mbili mmoja mmoja. Aligusa saba kwenye tarehe, ile yenye mkato. Aligusa tisa yenye mkia uliopinda kushoto. Halafu akainama, akatazama ubavuni mwa benchi alilokalia, lililoazimwa chuoni kwa ajili ya shughuli, akagusa namba yake. Ilikuwa CH/BN/079. Wazee wengine nao wakainama kutazama mabenchi yao.

"Mwandiko huu naujua," alisema. "Nimeukalia."

Akamrudishia Mzee Venant karatasi yake.

"Sisemi unadanganya, mkwe. Mimi na wewe tumezika pamoja. Lakini tulikubaliana karatasi iliyopigwa chapa, maneno ya binti mwenyewe. Hii ni sauti yako. Ningekuwa mimi, nami ningeandika hivi hivi, tena ningeongeza machozi."

"Mzee, shikamoo," Faisal akasimama. "Mimi nimeyaona kwa macho yangu, kwenye kioo. Twende chuoni nikuonyeshe."

"Marahaba. Tulisema karatasi, si kioo, na kioo hicho unakiendesha wewe. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni fundi."

"Aliyekuita nani?"

Faisal akakaa.

"Nipe siku tatu," alisema Mzee Venant. "Jumatatu kuna ofisi inafunguliwa. Nitakuletea hiyo chapa mwenyewe, kwa baiskeli, mpaka mlangoni kwako." Na mtu mzima yule, mwenye mvi, akapiga goti vumbini mbele ya mkwewe, kitu ambacho hakifanyiki. Watu waligeuza nyuso.

Mzee Ndalahwa aliinuka haraka akamshika mabega akamwinua. Naye alikuwa na uchungu, ulionekana. "Usinifanyie hivyo. Usinifanyie hivyo, Venant. Tulipeana siku arobaini, tukasema msiba ukifungwa neno limefungwa. Wazee hawa wametoka mbali. Nikifungua leo kwa ajili yako, kesho kila msiba utafunguliwa. Mtoto anakwenda kwao, haendi utumwani."

Basi, ikawa hivyo. Wakala, kwa sababu chakula cha arobaini lazima kiliwe.

Saa tisa pikapu ikawashwa. Dorotea alimvalisha Kabula sweta la shule, maana ndilo lililokuwa zuri. Sanduku lake la bati likapakiwa, lile la daftari, ambalo babu yake alilipaka jina mwaka alipoanza darasa la kwanza: KABULA, kwa rangi nyeupe juu ya kisanduku cheusi, mikono miwili. Mzee Venant akambeba amweke kwenye kiti cha mbele. Kabula hakulia. Alimshika babu yake kola ya shati akamvuta karibu.

"Babu, nimesikia ukisoma. Nilikuwa jikoni."

"Umesikia, mama."

"Ile ya sato. Mama ndiye alikuwa anasema. Akiniogesha ananifinya hapa." Akagusa nyuma ya sikio lake. "Anasema, ngoja, kuna sato amelala, tumtoe. Halafu ananionyesha mkono hauna kitu, anasema ameruka ziwani. Ulijuaje, babu? Tulikuwa wawili tu bafuni."

Mzee Venant alishikilia mlango wa gari. Halafu akazunguka pikapu, karibu akimbie, akafika dirisha la upande wa pili alikokuwa anapanda Mzee Ndalahwa.

"Mkwe! Muulize mtoto. Muulize habari ya sato! Mimi sikujua, fundi hakujua, tulidhani mashine imekosea. Yeye anajua. Ni maneno ya mama yake, muulize!"

Mzee Ndalahwa akamgeukia mtoto. Mtoto akamweleza, na kidole nyuma ya sikio, vile vile neno kwa neno. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mtoto, akamtazama Venant, akatazama uani ambako wazee wa Magu walikuwa wanaaga na kupeana mikono, msiba umefungwa, benchi zinakusanywa.

"Mtoto wa miaka minane," alisema polepole, "amelala kwako, amekula kwako, anakulilia. Atasema lolote." Lakini hakumtazama machoni aliposema. Akavaa kofia yake, akamwambia dereva twende.

Kabula akatoa mkono dirishani. "Nipe barua yangu, babu."

Alimpa. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa, na kwa kweli ilikuwa yake. Mtoto akaikunja mara nne, akaitia ndani ya sweta. Pikapu ikateremka kwenye mawe, ikashika barabara, na Mzee Venant akabaki amesimama na mikono imelegea. Kwenye kidole cha shahada, pembeni mwa ukucha, palikuwa bado pana rangi nyeusi ya jana. Alianza kuikwangua, na Dorotea alipokuja kumwita ndani alimkuta bado anaikwangua, na kidole kinatoka damu.